Dalili zilizozidi kadiri walivyoshuka: kisa cha mteja aliyezidiwa kwenye njia ya Choquequirao

Kisa kimetoka wapi

Kisa hiki kinahusu kundi la watalii tisa waliokuwa wakienda kwa miguu kwenye magofu ya Wainka ya Choquequirao, Peru, na mmoja wao aliyezidiwa siku ya kwanza akiwa chini kabisa ya bonde. Nimekiandika kutokana na taarifa ya kiongozi mkuu wa safari, daftari la msaidizi wake, na mazungumzo na mteja mwenyewe, ambaye ndiye aliyetaka kisomwe na watu wanaoongoza wenzao milimani. Majina, kampuni, mwaka na uraia vimeondolewa, na umri umesogezwa kidogo.

Nakiweka kwa Kiswahili kwa sababu kinagusa mazoea mawili ya sisi tunaofundisha waongoza watalii wa Kilimanjaro na Meru. Tunamhimiza mteja anywe maji bila kumwambia wapi pa kuishia, na kila anayeumwa kichwa tunasema ni mwinuko. Kilimanjaro makosa hayo mara nyingi hufichika, kwa kuwa dawa yetu ya mwisho ni kumshusha mgonjwa, na akishuka anapata nafuu, chanzo kiwe kimetambuliwa au la. Njia ya Choquequirao haimpi kiongozi nafasi hiyo.

Njia yenyewe

Choquequirao iko mita 3,050 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa mlima katika safu ya Vilcabamba, juu ya korongo la mto Apurímac. Wainka waliujenga mji huo karne ya 15, na Wahispania walipouteka Cusco, mji mkuu wao, milima hiyo ndiyo iliyowapa Wainka waliobaki kimbilio, tangu mfalme wao Manco Inca alipojiondoa mwaka 1537 hadi mfalme wa mwisho, Túpac Amaru, alipokamatwa na kuuawa mwaka 1572. Wasafiri wa kigeni walifika mapema kuliko wengi wanavyodhani: Mfaransa de Sartiges mwaka 1834, na Mmarekani Hiram Bingham mwaka 1909, miaka miwili kabla ya kupelekwa Machu Picchu, mji mwingine wa Wainka. Sehemu kubwa ya mji bado imefunikwa na msitu. Kwenye matuta ya mteremko mmoja kuna picha za llama, wanyama wa Andes wa jamii ya ngamia, zilizopangwa kwa mawe meupe ndani ya kuta nyeusi, na ni hizo zilizomfanya mteja wetu aichague safari hii. Aliziona pichani miaka mingi kabla ya kustaafu ualimu, akaanza kuweka akiba.

Ugumu wa njia uko kwenye umbo lake. Ukitoka kijiji cha Cachora unafika ukingo wa Capuliyoc, mita 2,900 na ushei. Hapo barabara inaisha. Unashuka kwa miguu kupitia Cocamasana na Chiquisca hadi Playa Rosalina, kando ya mto, mita 1,500 hivi. Unavuka daraja, kisha unapanda upya kwa kona zisizokwisha kupitia Santa Rosa hadi Marampata, karibu sawa na kimo ulichoanzia. Kwenda na kurudi, ukianzia Cachora, ni zaidi ya kilomita 60. Mizigo hubebwa na baghala, na anayewaendesha huitwa arriero, kwa kawaida mwenyeji wa Cachora au vijiji jirani, anayeifahamu kila kona ya njia.

Kwa hiyo mtu anayeugua mtoni hana pa kushukia. Kila njia ya kutoka ni kupanda mita 1,400, ama arudi Capuliyoc, ama asonge mbele Marampata. Kituo cha afya kiko Cachora, hospitali kubwa iko Abancay. Jambo la pili ni joto. Kiangazi cha Andes, Mei hadi Septemba, hakina mvua, na Cusco asubuhi unavaa koti zito. Lakini sakafu ya korongo saa nane mchana inaunguza, kivuli ni haba, na visubi vinauma kila panapoonekana ngozi.

Lipo na jambo la tatu, dogo kwa kulitazama, ambalo ndilo ufunguo wa kisa kizima. Cusco iko mita 3,400. Anayekwenda Choquequirao na kurudi kwa njia ileile, mahali pa juu kabisa atakapokanyaga ni chini kuliko kitanda alicholalia mjini.

Watu na mpango

Kundi lilikuwa na wateja tisa, kiongozi mkuu mwenye uzoefu mrefu, msaidizi aliyekuwa na leseni mpya, mpishi na kijana wake, waendesha baghala wawili na baghala tisa. Wanane walikuwa wa mizigo. Wa tisa alikuwa na tandiko la kupandia, akiwekwa kwa ajili ya mgonjwa au aliyechoka kupita kiasi, na kampuni ilimtangaza kwa wateja kama sehemu ya usalama wao.

Safari hii kwa kawaida yao ilikuwa ya siku tano, usiku wa kwanza Chiquisca. Msimu ule kampuni iliibana ikawa ya siku nne ili bei ishindane na ya wengine, kwa hiyo usiku wa kwanza ukahamishiwa Santa Rosa, ng'ambo ya mto. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza, baada ya saa tano za gari kutoka Cusco, mteja ashuke korongo lote na kupanda mita 600 nyingine kabla ya kula chakula cha jioni.

Mteja ninayemzungumzia nitamwita Mama M. Alikuwa na miaka karibu 60, mwembamba, mfupi, mwenye afya, na alijiandaa kwa mazoezi ya miezi kadhaa. Alikaa Cusco siku tatu kabla ya safari. Siku ya kwanza aliumwa kichwa kidogo, ya tatu akawa salama kabisa. Daktari wa nyumbani kwao alimwandikia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, nusu kidonge asubuhi na jioni, na aliendelea kuimeza. Kwenye kikao cha jioni kabla ya kuondoka, msaidizi aliwaambia wateja wanywe lita nne kwa siku, "na mkisikia kichwa kinauma, ongezeni maji." Mama M aliandika maneno hayo kwenye kijitabu chake. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo.

Siku ya tukio, saa kwa saa

Waliondoka Cusco saa 10 alfajiri, wakatarajia kuanza kutembea Capuliyoc saa 3 asubuhi. Matengenezo ya barabara yakawachelewesha. Walipopima mizigo, ikazidi, kwa kuwa wateja watatu walileta mabegi makubwa kuliko walivyoelekezwa. Arriero mzee akakataa kuwaongezea baghala wa mizigo uzito. Ili kuokoa muda, kiongozi mkuu akakubali mabegi ya ziada yafungwe juu ya yule mwenye tandiko, na msafara wa wanyama, isipokuwa mmoja, ukatangulia na mpishi kwenda kusimamisha kambi Santa Rosa. Arriero mzee peke yake akabaki nyuma na baghala huyo mmoja, aliyebeba maji na chakula cha mchana.

Walianza kushuka saa 5 na dakika 20, muda ambao viongozi wa njia hiyo hupenda wawe wameshafika nusu ya mteremko.

Mama M alikuwa na mfuko wa maji wa mgongoni wenye mrija unaofika mdomoni, kwa hiyo alikunywa kila dakika chache bila kusimama na bila kuhesabu. Cocamasana, saa 7 mchana, alijaza mfuko mara ya kwanza. Alisema kichwa kinamgonga. Msaidizi, aliyekuwa akitembea naye nyuma, alimwambia aendelee kunywa. Chakula kilipoandaliwa alionja supu vijiko viwili akaiacha, kwa kuwa alijisikia kichefuchefu.

Chiquisca, saa 9 alasiri, alijaza tena. Alitapika maji matupu. Msaidizi aliandika daftarini: "Kichwa, kutapika. Mwinuko? Nimempa nusu ya Diamox na maji." Alimwuliza kama anaweza kuendelea, akajibu anaweza. Ndivyo wateja wengi wanavyojibu, hasa waliolipia akiba ya miaka.

Kiongozi mkuu alikuwa mbele na wateja wenye kasi. Alipata habari saa 10 na nusu, kundi lote lilipokutana Playa Rosalina.

Mama M alifika akipepesuka. Alikaa juu ya jiwe akajaribu kuvua pete aliyoizoea miaka 30, isitoke; vidole vilikuwa vimevimba. Alimwita msaidizi kwa jina la mwanawe. Aliuliza kama wameshafika kwenye llama. Dakika chache baadaye akauliza tena.

Msaidizi alipendekeza wavuke. Hema, chakula, sanduku la dawa na baghala wa kupandia vyote vilikuwa Santa Rosa, na jua lilikuwa limebakiza saa moja tu.

Swali lililobadilisha kila kitu

Aliyelitoa kwanza alikuwa arriero mzee. Alimtazama yule mama muda, kisha akamwambia kiongozi mkuu kwa Kikechua, "Kijana, huyu ugonjwa wake unakua tukishuka. Soroche haiendi hivyo." Soroche ndilo jina la ugonjwa wa mwinuko kwa watu wa huko.

Kiongozi mkuu ananukuu maneno hayo kwenye taarifa yake bila kuyapamba, na anasema ndiyo yaliyomfanya aache kufikiria kambi na kuanza kumchunguza mgonjwa. Ugonjwa wa mwinuko hupungua mtu akishuka. Mama M alikuwa mita 1,900 chini ya alipolala jana yake akiwa mzima. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 96, kama cha wenzake.

Akafikiria joto. Ngozi ilikuwa na unyevu, haikuunguza, na kipimajoto cha kwapani kilisoma 37.4. Mtu aliyepigwa na joto hadi akachanganyikiwa huwa na joto la mwili la juu sana. Uchovu wa joto wa kawaida uliwezekana, lakini haungeeleza kuchanganyikiwa kule wala vidole kuvimba.

Kisha akauliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza tangu asubuhi: mama amekunywa kiasi gani, amekula nini, amekojoa mara ngapi? Wakahesabu mijazo ya mfuko. Ilikuwa lita tano na zaidi kwa muda wa saa tano. Alichokula tangu alfajiri kilikuwa ndizi na vijiko viwili vya supu. Alikojoa mara moja, Cocamasana, na tangu hapo hakukojoa tena.

Picha ikakamilika. Mwili ulikuwa na maji mengi na chumvi kidogo. Mtu anapotoka jasho hupoteza sodiamu, na anaporudisha maji matupu kwa wingi kuliko figo zinavyoweza kuyatoa, sodiamu iliyobaki kwenye damu inachujuka. Mazoezi marefu, maumivu na kichefuchefu huuamsha mwili utoe homoni inayozuia mkojo, kwa hiyo maji yanabaki ndani. Chembe za ubongo zinavimba. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa. Za mwisho ni degedege, kupoteza fahamu na kifo. Ukizitazama zile za mwanzo utaona kwa nini msaidizi alidanganyika, maana ndizo tunazofundisha za mwinuko. Diamox nayo huongeza upotevu wa chumvi kwenye mkojo, na huyu mama aliimeza kwa ajili ya matembezi yasiyofika hata kimo cha hoteli yake.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumnyima maji. Kiongozi mkuu anasema huo ndio uliomtia hofu kuliko yote, kwa kuwa kumnyang'anya mrija mtu anayetapika, kwenye joto, mbele ya wateja wanane wanaotazama, ni kinyume cha kila alichowahi kuambiwa. Mteja mmoja alipaza sauti akisema ni ukatili. Akamjibu kwa ufupi, akaendelea.

Wa pili, chumvi. Kinachopendekezwa mahali pasipo na dripu ni supu nzito kupita kawaida, vidonge vitatu au vinne vya mchuzi kwenye nusu kikombe cha maji, iwapo mgonjwa yuko macho na anaweza kumeza. Vidonge vilikuwa Santa Rosa na mpishi. Arriero mzee akafungua mfuko wake mwenyewe: mahindi ya kukaanga yenye chumvi, kipande cha jibini kikavu, na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Wakachanganya chumvi na maji kidogo mno, mama akapewa kijiko kwa kijiko, akitafuna jibini katikati. Alitapika mara moja, mara ya pili vikakaa.

Wa tatu, kutovuka. Kumpandisha kwa miguu kungeongeza jasho na kumchosha zaidi, na kila hatua ng'ambo ya mto ingemweka mbali na hospitali kwa mteremko na mpando mwingine. Kiongozi mkuu alituma ujumbe ofisini Cusco kwa kifaa cha setilaiti. Kuta za korongo zilichelewesha mawasiliano karibu dakika 40, lakini jibu lilikuja: gari litakuwa Capuliyoc kabla ya jua kuchomoza.

Wa nne, kuwagawa. Saa 11 jioni msaidizi alivuka na wateja wanane kuelekea Santa Rosa, akiwa na amri ya kumshusha arriero wa pili mara moja na baghala mwenye tandiko, hema, sanduku la dawa na vidonge vya mchuzi. Kiongozi mkuu na arriero mzee wakabaki na mama.

Wa tano ndio ninaouheshimu kuliko yote. Baghala alipofika mtoni, saa 1 na nusu usiku, kishawishi kilikuwa kumpandisha mama juu ya tandiko na kuondoka palepale. Kiongozi mkuu alikaa chini akaandika karatasini mambo yatakayomwongoza. Akipata degedege, asipoamka akiitwa, au akichanganyikiwa zaidi, wanaondoka muda huohuo, afungwe tandikoni, watu wawili pembeni. Akikojoa kwa wingi na akaweza kutaja siku na mahali, wanasubiri alfajiri. Kila nusu saa atamwuliza maswali yaleyale manne na kuandika majibu. Sababu yake ilikuwa wazi: mtu asiyejua alipo, juu ya mnyama, gizani, kwenye kona zenye bonde upande mmoja, anaweza kufa kwa kuanguka kabla sodiamu haijamuua.

Saa 2 na nusu usiku mama alikojoa sana, akarudia baada ya nusu saa. Saa 4 alitaja siku, akataja Apurímac, akaomba radhi kwa kumwita msaidizi mwanangu.

Matokeo

Waliondoka saa 10 alfajiri wakati wa baridi, mama juu ya baghala, arriero mzee akishika kamba. Walifika Capuliyoc saa 4 asubuhi na hospitali ya Abancay mchana. Damu yake ilisoma sodiamu 127, pamoja na nafuu yote ya usiku. Kiwango cha kawaida huanzia 135. Alilazwa usiku mmoja, akaruhusiwa akiwa mzima. Diamox ilisimamishwa.

Wateja wanane walifika Choquequirao na msaidizi, wakaona llama za mawe meupe, wakarudi salama. Wawili walidai fidia kwa kukosa kiongozi mkuu, na kampuni ikawarudishia sehemu ya fedha. Arriero wa pili, aliyeipanda na kuishuka Santa Rosa mara ya pili siku hiyohiyo usiku, hakuwa na malipo ya ziada kwenye hesabu ya safari. Alilipwa baada ya kiongozi mkuu kukataa kusaini taarifa bila jina lake. Nalitaja kwa sababu wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro watalielewa bila maelezo: msaada wa usiku huwa ni wa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote, na kesho yake ripoti inaandikwa kana kwamba mzigo ulishuka wenyewe.

Uchambuzi

Kosa la msaidizi ni rahisi kuliona, na si haki kuishia hapo. Alifundishwa kwamba mlimani kichwa kikiuma ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Ni kanuni nzuri, imeokoa watu wengi, nami naifundisha. Kasoro yake ni kwamba haina mlango wa kutokea: haimwambii kijana ni nini kingethibitisha vinginevyo. Arriero mzee alikuwa na mlango huo. Mgonjwa anashuka, na bado anazidiwa. Mwongoza watalii anayefuatilia kimo pamoja na dalili, akaviandika kwenye mstari mmoja daftarini, angeliona jambo hilo Chiquisca, saa moja na nusu kabla ya mtoni. Daftari la msaidizi lina dalili na saa. Safu ya kimo haina kitu.

Maji ni suala kubwa zaidi, na hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nasikia maneno yaleyale kwenye mageti yetu kila msimu. Lita nne kwa mtu wa kilo 90 anayepanda siku nzima ni kitu kimoja, na kwa mama wa kilo 50 anayeshuka taratibu ni kitu kingine. Jambo hili limechunguzwa vya kutosha. Wakimbiaji wa Boston Marathon ya mwaka 2002 walipopimwa damu mwishoni mwa mbio, asilimia 13 ya waliopimwa walikuwa na sodiamu pungufu, na waliokunywa hadi wakaongezeka uzito ndio waliokuwa hatarini zaidi. Grand Canyon kule Arizona, korongo ambalo nalo unaanza kwa kushuka na kumaliza kwa kupanda, walinzi wa hifadhi wamezoea wagonjwa wa aina hii na huwahimiza wageni wale vyakula vyenye chumvi wanapokunywa. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiu ni mwongozo mzuri kuliko idadi ya lita inayotangazwa kwa kundi zima. Na mteja aliyekataa chakula cha mchana huku akiendelea kunywa ni dalili ambayo mpishi au mgumu anaweza kuitambua kabla ya kiongozi, iwapo ameambiwa kwamba inafaa kusemwa.

Diamox haikupaswa kuwemo. Kama mtu mmoja tu ofisini angeweka kimo cha Cusco na kimo cha juu cha safari pembeni kwa pembeni, angemwambia mama amwulize daktari wake upya. Kiongozi si daktari na hatoi wala hazuii dawa aliyoandikiwa mtu, lakini anajua njia, na daktari aliye mbali haijui. Kumpa dozi ya nyongeza Chiquisca kulikuwa nje ya mamlaka ya msaidizi hata kama ugonjwa ungekuwa ni mwinuko.

Baghala wa tandiko alikuwepo kwenye mkataba na hakuwepo njiani. Siku aliyohitajika alikuwa amebeba mabegi ya ziada, mpando wa mita 600 mbele ya mgonjwa. Hapa kiongozi mkuu na kampuni wanashiriki lawama. Kilichofaa ni kuacha mabegi yale Capuliyoc au kumlipa mwenyeji wa Cachora baghala mmoja zaidi, gharama ndogo kando ya zile zilizofuata. Sanduku la dawa kutangulia na jikoni ni kosa la aina hiyohiyo.

Na juu ya yote upo mpango wa siku nne. Kuchelewa barabarani kulifanya kilichokuwa kigumu kiwe cha hatari, lakini hata bila kuchelewa kundi lingeshuka saa za jua kali na kukutana na mto jioni, kambi ikiwa ng'ambo. Kambi ikiwa Chiquisca, Mama M angelala pale alipotapika mara ya kwanza, na mpishi mwenye vidonge vya mchuzi angekuwa hatua chache kutoka kwake.

Yaliyokwenda vizuri yalitokana na kusimama. Kiongozi mkuu alimsikiliza mzee asiye na leseni wala cheo, mbele ya wateja, bila kuona kwamba amepungukiwa. Aliuliza maswali kabla ya kutibu. Aliweka masharti ya kuondoka usiku kwenye karatasi wakati akili yake ingali imetulia, na saa mbili baadaye akayatii. Kampuni imeyachukua maswali yake manne ya usiku na kuyachapa kwenye kadi ya kila kiongozi, safari imerudishwa siku tano, na baghala wa tandiko sasa hutembea mwisho kabisa wa msafara, bila mzigo, nyuma ya mteja wa mwisho. Chumvi, vidonge vya mchuzi na mahindi ya kukaanga hukaa kwenye mkoba wa kiongozi.

Lipo jambo moja ambalo mimi na kiongozi mkuu hatujakubaliana, nalo ni kuwagawa watu. Anasema wateja wanane bila hema wala chakula, kwenye visubi, wangekuwa wagonjwa wapya kabla ya asubuhi. Lakini daftari la msaidizi linaonyesha kilichotokea kwenye mpando. Gizani, kwenye kona nyembamba, wateja waliokuwa nyuma walikutana na arriero wa pili akishuka mbio na baghala. Kanuni ya njia hiyo ni kwamba wanyama wakipita, binadamu anasimama upande wa mlima. Mteja mmoja, tochi ya kichwani ikiwa imezimika, alisimama upande wa bonde. Begi lililoning'inia ubavuni mwa baghala lilimgusa bega, akayumba, mwenzake akamshika mkono. Kwenye ripoti ya kampuni tukio hilo halimo kabisa.

Playa Rosalina usiku si mahali pa baridi kali. Ni mita 1,500. Ningewabakiza wote mtoni, wale mahindi ya mzee na jibini, walale wakiwa wameketi chini ya makoti, na arriero wa pili ashuke na baghala kwenye njia isiyo na mtu.